Povu la Udongo

Jirani aliwahi kuniuliza, "Mama, huko maabara mkishaupika udongo, mnaula na mboga gani?" Nilicheka. Mimi huosha vyombo tu.

Siku ile uliletwa udongo wa shamba letu, ninalolilima peke yangu tangu nifiwe. Shemeji alitaka kuwauzia shamba hilo wafyatua matofali, nao walitaka kwanza udongo upimwe kiasi cha mfinyanzi.

"Hii peroksaidi inaunguza majani, samadi, kila kilichowahi kuishi," fundi wa maabara alimweleza shemeji, aliyesimama mezani, huku akiimimina juu ya udongo.

Povu likaamka. Likapanda taratibu kama maziwa jikoni, likavuka mdomo wa bilauri, likatambaa mezani, la kahawia, lenye joto. Chumba kizima kikanukia mvua ya kwanza. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo shamba lisiuzwe.

"Loo! Povu lote hili? Nani aliulisha udongo huu?" fundi akauliza.

"Kaka yake," nikasema, nikimwonyesha shemeji. "Marehemu mume wangu. Miaka ishirini, na toroli la samadi."

Shemeji akaligusa povu kwa kidole, likamfia mkononi.

"Utasubiri majibu, bwana?" fundi akamuuliza.

Akauchukua mfuko wa udongo uliobaki, akaupakata kama mtoto aliyelala, akatoka kuurudisha shambani.