Aibu ya Nani

Wakili Edina alidhani Bi Tausi amekuja kumtafutia binti yake talaka, akamuuliza yuko wapi huyo binti.

"Ni mimi mwenyewe," alijibu Bi Tausi, mwanamke wa miaka sitini na kitu. "Nilisubiri wanangu wote wapate makwao. Sasa nataka talaka, na haki yangu katika ile nyumba."

Mara mlango ukasukumwa. Aliingia Shomari, mwanawe mkubwa, jasho likimtiririka.

"Mama, twende nyumbani. Baba amekasirika. Unatutia aibu mji mzima!"

Sauti yake ilifanana mno na ya baba yake. Zamani ingemwinua Bi Tausi kitini. Leo alijivuta mbele, akaweka viwiko juu ya meza.

"Sikio langu hili halisikii," alimwambia wakili. "Watoto niliwaambia ni homa. Haikuwa homa."

Kisha akamgeukia Shomari. "Kaa, mwanangu, usikie. Ukishasikia yote, ndipo useme aibu ni ya nani."

"Anzia popote, mama," wakili alisema.

Bi Tausi akaanza. Shomari hakukaa, wala hakuondoka. Alisimama ameshika egemeo la kiti kilichokuwa wazi, vidole vikizidi kulibana.