Vidole vya Bibi Harusi

Mashine ya bandarini ilivikataa vidole vya Bi Mishi, kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vimekolezwa piko, ile rangi nyeusi ya maharusi, mpaka nchani, maana jana aliolewa, na bibi harusi, hata akiwa na wajukuu, hapakwi nusunusu.

“Bibi, alama za vidole hazisomeki,” alisema binti wa ukaguzi. “Bila alama hupandi meli.”

“Basi nirudi nyumbani nikazisugue.”

“Huwezi. Pasipoti yako imeshagongwa muhuri wa kutoka. Kule nyuma umeshahesabiwa kuwa umeondoka.”

“Mbele sijafika, nyuma sipo. Sasa hapa, mwanangu, amesimama nani?”

Binti aliuma mdomo asicheke, lakini hakufungua mlango. Bi Mishi akatemea vidole mate, akavisugua kwenye buibui mpaka vikamuwasha. Piko likazidi kung'aa.

Meli ikapiga honi. Kupitia kioo alimwona bwana harusi wake, Mzee Kheri, aliyetangulia kupanda na masanduku ya fungate, ameinama ukingoni akimtafuta. Bi Mishi akabandika viganja vyote viwili kwenye kioo. Ngazi ikaanza kuvutwa, na yule mzee kule juu akainua mkono taratibu, asijue anaagwa au anaambiwa asubiri.