Jora la Merikani

Kheiria alikwisha kufungua mkasi juu ya kitambaa, dada yake akamshika mkono.

"We, hiyo si sanda yako?"

Ndiyo. Jora hilo la merikani alilirithi kwa bibi yake. Alipokimbia Unguja alilitia chini ya sanduku, akaja nalo mpaka Matrah, pwani ya Waarabu, likingoja siku yake. Muhuri wa buluu wa kiwanda ulikuwa bado haujafifia. Baba yao, muuza nguo, akipenda kuwasimulia: Marekani ilipokuwa jamhuri changa, wasichana walitoka mashambani, kila mmoja na sanduku lake, wakahamia mji mpya uliojengwa kando ya mto, wakaifuma nguo hiyo viwandani.

Kheiria aliupapasa muhuri kwa kidole. Naye alikuja na sanduku moja.

"Jumamosi skuli ya wasichana inafunguliwa," alisema. "Watavaa nini?"

"Na wewe utazikwa na nini?"

"Hilo watajua watakaonizika. Mimi, dada, nnawashonea walio hai. Nishikie upande huo."

Dada yake alisita, kisha akashika. Mkasi ukapita katikati ya muhuri.