Upanga wa Kukatia Keki

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Ukiona vyaning'inia ukutani, vimeporwa. Beryl aliyasema hayo kwa sauti, keki ikiwa mezani na shemeji yake kashika upanga.

"Nani kapora?" Merv alifoka, medali zikigongana kifuani. "Nilikabidhiwa! Afisa wa Kijapani mwenyewe, kichwa chini, mikono miwili!"

"Basi ungekwenda kuishi nao."

Merv hakuwa na nyumba; alipanga chumba juu ya baa. Tangu aliporudi kutoka vitani, upanga ulikaa ukutani kwa Beryl, mjane wa kaka yake, na Beryl ndiye aliyeutunza. Merv aliukumbuka palipokuwa na keki tu. Katika mji wao wa miwa, huko Queensland, hakuna harusi wala ubatizo wa ukoo ambao keki yake haikukatwa kwa upanga ule. Na Beryl hakuwahi kuonja hata chembe.

Hakuna aliyeuliza sababu. Mumewe, Clarrie, alikatwa kichwa na Wajapani akiwa mateka Borneo.

Leo aliyeolewa ni Noelene, binti ambaye Clarrie alimwacha kwenye nepi.

"Merv, nakusihi," Beryl alisema, safari hii taratibu. "Keki ya mwanangu, tumia kisu."

"Shemeji, usianze! Clarrie angefurahi kuona adui anatukatia keki."

"Usimsemee Clarrie. Nimekusihi, umesikia. Kesho usinilaumu."

"Haya, mama machozi!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Beryl akatoa kisu cha jikoni mkobani, akamega pembe moja ya keki, akaiweka kwenye sahani ya maharusi.

"Hiki chenu nyie wawili. Kingine msiguse."

"Mama, jamani! Hata leo?"

"Kula, mwanangu."

Merv akauchomoa upanga. Uling'aa. Akauzamisha kwenye sukari nyeupe hadi kwenye zabibu na siagi za ndani. Sahani zikapita. Wazee wa kikosi chake wakala kwa vidole, bia mkono wa pili. Kisha Merv akauinua upanga, akaulamba ubapa wake, polepole, toka mpinini hadi nchani, ulimi ukikwangua kila kombo, masharubu yakigeuka meupe. Alipomaliza upande mmoja, akaugeuza.

Beryl akageuza uso.

"Mtamu!" Merv akacheua. "Sasa shemeji, mbele ya watu, kipande kimoja tu. Nani kakwambia upanga huu uliwahi kumkata mtu?"

"Hakuna."

"Unaona? Damu unaiwaza wewe tu."

"Sijawahi kuwaza damu."

"Basi unachukizwa na nini, mwanamke?"

Beryl akakifuta kisu chake, akakirudisha mkobani.

"Choo changu cha shimo kikiziba, mti wowote wa kuzibulia huvunjika. Upanga huo hauvunjiki. Na radhi siombi."