Ruhusa ya Kombo

Bi Mashavu alipanda kizimbani akitaka kujua jambo moja tu: kosa lake linaitwaje? Askari walisema kateka nyara. Majirani wakasema kaiba mtoto. Yeye alijua kwamba jana alimchukua mjukuu wake, Riziki, shuleni bila kumwambia baba mtu, Kombo, ambaye tangu afiwe na mkewe hakutaka mama mkwe huyo amwone mtoto.

“Ungemficha ili udai fidia, au ili umdhuru, ungeozea jela,” hakimu akamweleza. “Wewe umeshtakiwa kwa kumwondoa mtoto kwa mlezi wake bila ridhaa. Adhabu yake ni nafuu, lakini kifungo kipo.”

“Nilitaka mwenyewe kwenda kwa bibi!” Riziki akapaza sauti.

“Ridhaa yako haihesabiki, mwanangu. Sheria inauliza ya baba.”

Bi Mashavu akastaajabu. Kumbe uhuru wake wote umo kinywani mwa mkwewe!

“Bwana Kombo, ulimruhusu?”

Kombo akainuka. Macho yake yakaangukia kichwa cha binti yake. Upande mmoja ulikuwa umesukwa vizuri, kama mkewe alivyokuwa akimsuka. Upande wa pili ulikuwa timtimu, kwa kuwa askari waliingia bibi akiwa katikati ya kazi.

“Sikumruhusu, mheshimiwa. Ila nauliza, naweza kumruhusu sasa?”

Hakimu akaweka kalamu chini, akavuta buku nene la sheria, akaanza kufunua kurasa taratibu. Baraza zima likamtazama.