Sauti ya Nne

Mkono wa Odeta ulikuwa umezama kwenye beseni la dagaa wa Karema, sokoni Majengo, pale mwenye dagaa alipoanza kuimba. Mkono ukabaki humohumo.

Odeta alikuwa akichambua dagaa huku akiimba wimbo wake uleule ambao wajukuu zake kule Ilembo huucheka. "Bibi, wimbo wako mbona hauna chumvi?" Chumvi itoke wapi? Ile ni sauti ya pili tupu, bila zile nyingine tatu. Mwalimu wao wa kwaya aliutunga kwa ajili ya kanisa lao huko Burundi, na makabila yalipogeukiana, kanisa likachomwa moto pamoja na madaftari yote ya nyimbo. Odeta alivuka mpaka na sauti yake peke yake. Miaka hamsini hajasikia nyingine.

Na sasa mzee huyu mwenye dagaa, kofia ya sufu kichwani, bila hata kuinua macho kwenye kopo lake la kupimia, alikuwa akiimba besi, sauti ya nne, chini ya sauti ya Odeta, na wimbo ukakolea.

Kisha kopo likasimama hewani.

"Mama," mzee akasema, "huo wimbo umeutoa wapi?"

Odeta alifuta magamba ya dagaa kwenye kitenge, akajishika kiuno.

"Nyie wa besi," akasema, machozi yakimtiririka na kicheko kikimbana, "mwalimu aliwaambia kila Jumamosi, hapo kwenye kiitikio msiburuze! Haya, tuanze tena."