Treni ya Saa Nne

Siku hizi mradi wa reli ukishasainiwa, unahesabika umeshajengwa. Basi tangu Jumatatu nyumba yangu ni stesheni, na jiko langu ni jukwaa la pili. Treni yenyewe hakuna.

Leo asubuhi alikuja Kihwele, mkaguzi wa reli, na kishikwambi chake, akanikuta nasonga ugali.

"Shikamoo, Bibi. Rudi nyuma ya mstari, treni ya saa nne inaingia."

"Marahaba. Inaingilia wapi, mwanangu, kwenye sufuria?"

Akacheka, kisha akatazama saa. "Haya, imeondoka. Nikuandike umepanda?"

Juzi jirani yangu Mama Tumpe alipoulizwa hivyo aliitikia ndiyo kwa utani tu. Aliyepanda hahesabiki tena kuwa mkazi, na jioni ile mlango wake mwenyewe, unaosoma orodha ya wakazi, ulikataa kumfungulia.

"Andika nimebaki," nikasema.

"Bibi, mtaa mzima wameshapanda. Umebaki peke yako."

"Basi andika hivyo hivyo, na kesho uje uandike tena."

Akabonyeza upesi, akataka kuaga. Shule niliishia darasa la tatu, lakini neno langu nalijua linavyoandikwa. Nikamzibia mlango, mwiko mkononi.

"Geuza hicho kioo, mwanangu. Nataka kusoma mwenyewe."